Sauti ya Joëlle Pangoni

Haya yalimpata Joëlle, rafiki yetu wa mtaa wa Hewa Bora. Alipomaliza kumzika mume wake, dada yake mkubwa Angélique, aliyemwita yaya, alimtoa matembezi nje ya Lubumbashi. Walikula bukari, ugali wa huko, na samaki wa kuchoma, Joëlle asionje ladha yoyote, kisha wakaenda kuona pango. Ndani, mwongozaji alizima tochi ili wasikie maji yakidondoka gizani.

"Joëlle, uko wapi?" Angélique aliuliza.

"Niko hapa, yaya. Nishike mukono."

Sauti ilikuwa ya Joëlle, lakini yeye hakuwa amefungua mdomo. Alingoja woga, haukuja. Akiwa bado amesimama gizani, akasikia nyayo za watu wawili zikimfuata mwongozaji nje taratibu, Angélique akicheka, na kando yake kicheko cha Joëlle, ambacho hakuna aliyekisikia tangu msiba.