Tanuri la Robiya

Wenzangu wa mtaa, nanyi mnaofika hapa mjini Margilan kununua hariri tu mkaondoka, ketini kidogo. Haya mengi niliyaona kwa macho yangu, mengine niliambiwa na wenyewe, maana mimi Sobir ndiye mwenye mkahawa wa chai unaotazamana na lango la Fundi Nurmamat. Sehemu yangu ya aibu sitaificha.

Nurmamat alikuwa fundi wa matanuri ya mkate, yale ya udongo ambayo mkate hubandikwa ukutani kwa ndani. Asubuhi ungemkuta uani amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga udongo, huku mkewe Robiya akinyunyizia sufu ya kondoo iliyokatwakatwa, ili udongo ushikane usipasuke.

"Kanyaga vizuri, baba Dilnavoz, huo si mguu wa bwana harusi!" Robiya alikuwa akimtania, na binti zao wawili, Dilnavoz na mwenzake, wakicheka mpaka nasikia ng'ambo ya barabara.

Hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Watoto wake hawakulala njaa hata siku moja. Nawaambia hivi msije mkadhani kwamba ubaya huingia katika nyumba mbovu tu.

Msimu mmoja wa baridi magoti yalianza kumuuma Nurmamat, kazi ikapungua. Robiya akaanza kuoka mikate ya ziada na kuiuza langoni. Loo, mikate ile! Kabla theluji haijaisha, watu walikuwa wanatoka hadi stesheni kuifuata. Miaka ishirini wageni walikuwa wakiniuliza, "Kwa fundi wa matanuri ni wapi?" Sasa wakaniuliza, "Kwa Robiya ni wapi?"

Siku moja Nurmamat aliingia mkahawani, nami, Mungu anisamehe, nikapaza sauti: "Jamani, mpisheni mume wa Robiya!"

Watu wakaangua kicheko. Ergash, mwenye mgahawa wa pilau, akadakia: "Mwulizeni kwanza kama ameruhusiwa kutoka!"

Nurmamat alicheka na wengine. Lakini chai yake aliiacha nusu, akaondoka.

Tangu hapo akawa anasimama nyuma ya lango akisikiliza. Mteja akiondoka, maswali yanaanza.

"Yule mwenye kofia alikuwa anacheka nini?"

"Nimempa mkate uliopinda."

"Na wewe ukacheka."

"Sasa ulitaka nilie?"

Siku nyingine walirudi kutoka harusini, ambako wageni walikuwa wameusifu mkate wa Robiya mpaka bibi harusi akasahauliwa. Nurmamat akatupa kofia yake kitandani. "Wanausifu kana kwamba umeiva hewani! Hilo tanuri nani kalijenga?"

"Wewe, mume wangu. Nawaambia kila siku."

"Mbona sijamsikia hata mmoja akisema?"

Robiya akaiokota ile kofia, akaitundika. Alidhani ni magoti yanamuuma mumewe.

Majira ya kuchipua tanuri lao la zamani likachakaa, na Robiya akamwomba amjengee kubwa zaidi. Nurmamat akakubali haraka mno. Alingoja mkewe aende kwa kaka yake kumuuguza wifi, akaukanyaga udongo peke yake. Hakutia sufu. Ukuta akaufanya mwembamba. Tanuri ambalo angelikausha majuma mawili akalikausha siku nne. Mikono ambayo haijawahi kumdanganya mteja hata mmoja ilifanya kazi yake ya kwanza mbovu, na ilifanya hivyo uani kwake mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba alitaka tu mikate idondoke majivuni, wateja wachoke, na mambo yarudi kama zamani.

Hayakurudi. Alhamisi moja Robiya aliinama kubandika mkate ndani, mkono wote hadi begani, na ukuta ukamwangukia. Nilisikia Dilnavoz akipiga kelele, nikavuka barabara mbio. Nurmamat alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa anafukua udongo wenye moto kwa vidole vitupu, akisema neno moja tu, "Hapana, hapana, hapana."

Robiya alilazwa hospitali majuma matano. Mtaa ukampikia Nurmamat, ukamfulia, ukamhurumia. Ergash alikuwa ameagiza matanuri matatu, akaja kuyafuta kwa upole. "Usinielewe vibaya, fundi. La mkeo limeanguka, nami nina wapishi wanne. Mkono wa mtu huchoka."

Nurmamat akainamisha kichwa.

Kisha maneno yakageuka. Wanawake kisimani wakamwambia Dilnavoz, "Mama yako naye tamaa ilimzidi. Kalitia tanuri moto kupita kiasi, apate kuuza zaidi." Mtoto akayapeleka hayo kwa baba yake akilia.

Jioni ile Nurmamat alikwenda hospitali. Robiya hakumngoja aketi.

"Niliviona vipande walivyonibandua mkononi," akasema. "Miaka kumi na tisa nimechanganya udongo na wewe. Ndani yake hamkuwa na unywele hata mmoja wa sufu."

"Robiya..."

"Ulinionea wivu? Mimi? Ningekuwa jirani ningeelewa. Mimi nilikuwa nakuokea wewe."

Akageukia ukutani. "Kawaambie mkono wako uliteleza. Sitakusema, kwa ajili ya wasichana. Ila nyumbani kwako sirudi."

Ijumaa, watu walipojaa mkahawani baada ya sala, Nurmamat alisimama mlangoni. Hakuvua hata viatu.

"Mnasema mke wangu alizidisha moto," alisema. "Moto ulikuwa sawa. Mnasema mkono wangu ulichoka. Haukuchoka. Nililijenga vibaya kwa kusudi, kwa sababu mlikuwa mnamsifu yeye."

Hakuna aliyeinua kikombe. Ergash akasema polepole, "Bora ungekuwa fundi mbovu, ndugu yangu." Nurmamat akajibu, "Najua," akatoka.

Robiya anaishi kwa kaka yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki, kwa hiyo anabandika mikate kwa mkono wa kushoto, na wateja wamemfuata huko. Nurmamat anajenga matanuri vijijini, ambako hawamjui. Kila Jumapili anawasindikiza binti zake kwa mama yao, hadi mlango wa shemeji yake. Robiya anaitikia salamu, anawapokea watoto, anafunga mlango. Mwaka wa tatu sasa.

Funzo

Ewe mume, sifa ya mkeo haikupunguzii wewe kitu. Ukiona uchungu pale anaposifiwa, umwambie kwa mdomo wako, hata kama ni aibu, kabla mikono yako haijamwambia. Nanyi akina mama, msimtwishe mwenzenu lawama kabla ya kujua kilichompata.

Na sisi wa mkahawani, tunaomtupia mtu mzaha wa kumdhalilisha kisha tukaendelea kunywa chai, tusijifanye hatumo. Mimi ndiye niliyeanza. Nimemwomba Robiya msamaha. Akaniambia, "Wewe ulisema tu, kaka Sobir. Aliyejenga ni mwingine." Lakini nikiwa peke yangu, jibu hilo halinitoshi.