Chanjo ya Maji

Mbwa hakubweka.

Hilo ndilo lililomponza Noela Komba.

Saa nne asubuhi alikuwa amechutama nyuma ya Toyota Hilux nyeupe, kwenye ua wa ghala moja la mtaa wa Lizaboni, Songea. Alikuwa anamalizia kubandika kifaa cha kufuatilia chini ya bampa, kidogo kama kifungo cha koti. Ndipo meno yalipozama kwenye mkono wake wa kushoto.

Aligeuka. Jibwa la kahawia. Udenda unaning'inia, miguu ya nyuma inayumba, macho yako wazi lakini hayamtazami mtu.

Bastola ya Glock 19 ikachomoka kiunoni. Risasi mbili. Kifuani, si kichwani.

Ubongo ungehitajika maabara, kupima kichaa.

Milio ile iliamsha ghala zima. Mlango ulifunguka kwa kishindo, akatoka mwanamume mrefu mwenye kofia ya kitani, amekumbatia kisanduku chekundu cha baridi. Nyuma yake alichechemea kijana mwembamba mwenye bunduki. Risasi zikachimba ukuta juu ya kichwa cha Noela. Alipoinuka, Hilux ilikuwa imeshabomoa geti na kuacha vumbi tu.

Redio ya sikioni ikakoroma.

"Mbega, hapa Matogoro. Ripoti."

Matogoro alikuwa Pankrasi, mkuu wa operesheni. Mbega alikuwa yeye.

"Lanz ametoka na mzigo. Kifaa kinasoma, wanaelekea barabara ya Tunduru. Nimeng'atwa na mbwa. Ana kichaa."

"Pole. Fuata gari."

"Naosha kidonda kwanza. Dakika kumi na tano."

"Dakika kumi na tano? Mbega, miezi saba tunamwinda mtu huyu! Fuata gari, hiyo ni amri!"

"Nimeisikia, mkuu."

Akazima redio.

Nyumba ya jirani ilikuwa na bomba uani. Mama wa makamo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani kwa hofu ya risasi.

"Shikamoo mama. Naomba sabuni."

"Marahaba mwanangu. Ee Bikira Maria, damu yote hiyo!" Mwenye nyumba, Mama Walburga, hakuuliza zaidi. Alileta kipande cha sabuni ya mche, akafungua bomba mpaka mwisho.

Noela alitazama saa yake ya Casio. Akaanza kusugua.

Kidonda kiliuma. Alisugua hivyo hivyo, povu likageuka jekundu, kisha la waridi, kisha jeupe. Alikijua kirusi kile. Hakipiti kwenye damu. Hushika neva na kupanda taratibu, siku hadi siku, mpaka kwenye ubongo. Njiani unaweza kukizuia. Kikishafika juu, daktari hubaki kukupunguzia maumivu tu.

Alijua kwa sababu alimwona Otto.

Otto alikuwa na miaka minane, mtoto wa Kunegunda, muuza vitumbua wa mtaa huo huo. Aling'atwa mguuni. Mama yake alimpeleka kuchomwa chanjo kwenye duka moja la dawa, sindano zote, kila moja kwa tarehe yake. Wiki tatu zilizopita Noela aliketi kando ya kitanda chake. Mtoto alikuwa na kiu kali. Kila kikombe kilipomkaribia koo lilijifunga, akapiga kelele kwa kuyaogopa maji. Alfajiri alikuwa amekwisha kufa.

Maabara ilizipima chupa za duka lile. Lebo safi. Muhuri safi. Ndani, maji ya chumvi.

Mwenye chupa alikuwa Viktor Lanz, yule wa kofia ya kitani. Pasipoti mbili, majina matatu.

Dakika ya kumi na tano ilipotimia, Noela alifunga kidonda kwa kitambaa safi, akawasha redio na kurukia Honda XL yake.

"Mbega yuko barabarani."

"Wamekuacha mbali," Pankrasi alisema kwa hasira. "Vijana wangu wanatoka Tunduru, wana saa nzima bado. Na wewe nenda hospitali!"

"Hospitali naikumbuka, mkuu. Chanjo yao niliikagua mwenyewe jana, ni halisi. Nipe saa mbili."

Honda ilinguruma. Kilomita mia na kumi kwa saa, mkono ukipwita kila penye tuta. Kwenye kioo cha simu nukta nyekundu ilikimbia kuelekea Namtumbo.

Kisha ikasimama.

Alizima pikipiki mbali, akakatiza shamba la tumbaku kwa miguu. Hilux ilikuwa imefichwa nyuma ya bani, kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia majani. Lanz alikuwa anafungua namba za gari kwa bisibisi.

Yule kijana hakuonekana.

"Tupa silaha, dada."

Sauti ilitoka nyuma yake. Noela alitupa Glock chini, akageuka polepole. Kijana alikuwa amemnyooshea bunduki, jasho linamtiririka. Shavu la mguu wake wa kulia lilikuwa limefungwa kitambaa kichafu.

"Vizuri, Iddi," alisema Lanz kwa Kiswahili safi. Alikuwa na bastola ya Beretta mkononi. Alikitazama kidonda cha Noela, akatabasamu. "Mbwa wangu amekupata. Basi tufanye biashara. Hapa nina dozi kamili. Chukua, urudi mjini ukaishi."

Noela alicheka.

Kisha akamwacha Lanz, akamgeukia kijana.

"Iddi, wewe alikung'ata lini?"

"Juzi."

"Uliosha kwa sabuni?"

"Nilifunga tu. Bosi alinichoma sindano."

"Ya kutoka sanduku lipi?"

Macho ya Iddi yalikwenda garini. Kulikuwa na sanduku kubwa la buluu, lililojaa chupa za kuuza. Na kulikuwa na kisanduku kidogo chekundu ambacho Lanz alilala nacho kila siku.

"Lizaboni kuna mtoto alichomwa za sanduku la buluu," Noela alisema. "Nilimshika miguu akifa. Usimwamini yeye, na mimi usiniamini. Muulize tu."

"Bosi," Iddi alisema. "Wallahi niambie kweli. Ile ya juzi ulitoa wapi?"

"Dawa ni dawa."

"Basi nichome ya kwenye chekundu. Sasa hivi."

Lanz alitazama saa yake.

"Ingia kwenye gari uendeshe."

Iddi alivuta pumzi. Mtutu wa bunduki ukahama. Mlio mmoja, na tairi la mbele la Hilux likapasuka.

Lanz aligeukia kishindo. Nusu sekunde.

Ilimtosha Noela. Hatua mbili, teke kwenye kifundo cha mkono, Beretta ikaruka majanini. Kiwiko kikatua shingoni. Kofia ya kitani ilianguka kwanza, mwenyewe akafuata. Pingu zikalia.

Iddi alikuwa ameketi chini, bunduki imemtoka mikononi.

"Nitakufa, dada?"

"Si leo. Siku mbili bado ni mapema. Vua hicho kitambaa, kuna maji kisimani."

Saa tisa alasiri wote wawili walikuwa wamechomwa hospitalini Songea, dawa ya kinga kwenye kidonda na chanjo begani, Iddi akiwa chini ya ulinzi wa askari. Muuguzi aliwaandikia tarehe za kurudi. Simu ya Lanz nayo ilikuwa imefunguliwa: maduka kumi na moja, kuanzia Songea mpaka Tunduru, yalikuwa yameuza maji yake. Wateja hawakuandikwa popote.

"Kazi nzuri," Pankrasi alisema kwenye simu. "Sasa kimya. Siku tatu, mpaka tuwakamate wauzaji wote. Habari ikivuja watakimbia."

"Waache wakimbie, mkuu. Waliochomwa maji hawana pa kukimbilia."

"Mbega, hii ni operesheni ya siri!"

"Kirusi hakijui siri."

Saa kumi kamili alikuwa ndani ya kituo cha redio mjini. Mtangazaji, Leo, aliisoma karatasi aliyopewa, akafuta jasho, akairudia hewani mara tatu: namba ya chupa, majina ya maduka, na kwamba kila aliyechomwa aende hospitali leo, si kesho.

Kabla hajamaliza, simu ya kwanza iliingia. Muuguzi wa hospitali ya Mbesa, huko Tunduru. Mama mmoja amefika na watoto wawili, mwingine yuko getini.

Jioni Noela alikuwa anashuka ngazi za kituo Pankrasi alipopiga.

"Umeniasi."

"Ndiyo, mkuu."

"Na hao wauzaji? Wamekimbia wangapi?"

"Wawili wamejipeleka polisi wenyewe. Mmoja wateja wamemfungia ndani ya duka lake. Wengine sijui, mkuu, watu wa mitaa yao wanawatafuta."

"Kesho saa mbili, ofisini kwangu. Na barua ya kujieleza."

"Barua ninayo tayari. Niliiandika kabla ya kuja redioni."

Akakata simu, akavaa helmeti kwa mkono mmoja, akaondoka.