Waya Kumi na Tatu za Ruwayda

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa kumi ilipolia, Ruwayda Hassan alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba. Alifungua madirisha, akapangusa vumbi kwenye redio, kisha akaandika tarehe katika daftari la chama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane katika shule moja mtaani Munyaka, mjini Eldoret. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Redio, na cheo hicho alikipenda sana.

Redio yenyewe haikuwa ya kusikiliza muziki. Ilikuwa redio ya ridhaa, ya kuzungumza na watu wengine wenye redio kama hiyo. Mwenye leseni alikuwa Mzee Walubengo, fundi mstaafu wa mitambo ya simu, aliyekuja kuwafundisha kwa hiari yake. Antena yao ilikuwa mlingoti wa bomba la alumini, urefu wa mita kumi, uliosimama wima nyuma ya madarasa. Kwa mlingoti huo walikuwa wamewahi kuzungumza na watu wa nchi za mbali. Lakini wenzao wa shule moja huko Turbo, kilomita thelathini na kitu tu, hawakuwapata hata siku moja.

"Mawimbi tunayotumia yanapanda angani na kuwapita watu wa Turbo juu ya vichwa," Mzee Walubengo alieleza. "Tunahitaji masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole zaidi. Hayo mawimbi yake ni marefu, na yanatambaa na ardhi. Shida ni kwamba mlingoti wetu ni mfupi mno kwa mawimbi hayo."

"Si tuurefushe, Mzee?" Linah, rafiki yake Ruwayda, aliuliza.

"Bomba zaidi hatuna. Tutaweka koili ya waya pale chini, ifanye kazi ya ule urefu uliopungua. Halafu tutazika waya thelathini na mbili ardhini, kila moja mita kumi, zitawanyike pande zote kutoka kwenye mlingoti. Bila hizo, nguvu ya redio itapotelea kwenye udongo."

Jumamosi kazi ilianza. Linah alibaki ndani na Mzee, wakizungusha koili kwenye kipande cha bomba la plastiki, naye Linah akihesabu mizunguko. Wengine walichimba mitaro upande wa madarasa, wakazika waya kumi na sita. Upande wa ua, wenye waya kumi na sita nyingine, Ruwayda aliomba afanye peke yake.

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu Apondi, mlezi wa chama. "Huko ardhi ni ngumu."

"Nitaweza, Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti."

Ardhi ilikuwa changarawe tupu. Jembe liligonga na kurudi. Alipomaliza waya ya tatu, viganja vilikuwa vinawaka moto, na kutoka uwanjani alisikia wasichana wakimwita aje kucheza netiboli. Alitazama huku na huku. Akachukua koleo la kukatia waya, akazikata waya kumi na tatu zilizobaki, kila moja akiacha kipande cha hatua moja kwenye mlingoti. Vipande hivyo akavifukia juujuu na kuvifunika kwa nyasi. Mabaki akayakunja na kuyasukuma chini ya madawati mabovu nyuma ya stoo. Kisha akaenda kuandika katika daftari: "Waya 32 zimezikwa. Kazi imekamilika."

"Hongera, mwenyekiti," Mwalimu Apondi alimwambia. Ruwayda alikimbilia uwanjani bila kumtazama usoni.

Jumanne walifanya jaribio. Mzee aliita mara tano. Kipimo cha redio kilionyesha kila kitu ni sawa, lakini mwalimu wa Turbo alipiga simu akasema, "Tunasikia mkwaruzo tu. Hakuna sauti."

Mzee Walubengo alivaa miwani, akasoma daftari polepole. "Waya ziko zote ardhini, Ruwayda ameandika hapa. Basi kosa liko kwenye koili. Linah, ulihesabu mizunguko mingapi?"

"Themanini na sita, Mzee."

"Pengine uliruka," mvulana mmoja akasema, na wengine wakacheka. Linah aliinamisha kichwa.

Ruwayda alihisi uso wake ukiwaka. Alijiinamia, akajifanya anafunga kamba za viatu. Jioni, mama yake, Khadija, alimuuliza kwa nini hagusi chakula.

"Nimechoka tu, Hooyo," alijibu, akaona haya tena. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Alhamisi Mzee aliifungua koili yote ili waizungushe upya. Mara mbili waya ilimponyoka kwenye vidole vyake vilivyozeeka, akaanza tena. "Labda ni macho yangu," alinong'ona. Ruwayda alikuwa ameshika bomba la plastiki mbele yake, na hakujua atazame wapi.

"Linah, hesabu," Mzee akasema.

Linah alirudi nyuma. "Tafadhali, mtu mwingine ahesabu. Mimi sijiamini tena."

Ruwayda aliliweka bomba mezani. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Mzee, koili haina makosa. Linah hakukosea. Ni mimi." Akaelekeza kidole upande wa ua. "Nilizika waya tatu tu. Zile kumi na tatu nilizikata na kuzificha nyuma ya stoo. Kwenye daftari niliandika uongo."

Yule mvulana aliyesema Linah aliruka alitazama sakafu. Mwalimu Apondi alikuwa amesimama mlangoni, na Ruwayda alitamani ardhi immeze.

"Siku mbili nzima nimejiona mjinga," Linah alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe ulikuwa unaniangalia tu!" Akachukua mkoba wake, akatoka.

Kesho yake baada ya masomo Ruwayda alienda uani na jembe. Alichimba mpaka malengelenge yakapasuka mikononi. Alikuwa kwenye mtaro wa nne aliposikia jembe lingine likigonga changarawe. Alikuwa Linah.

"Nisamehe, Linah."

"Bado nina hasira," Linah alijibu bila kuinua kichwa. "Chimba. Nikimaliza huu nitaunga waya ulizokata."

Baadaye wengine walikuja pia, na jua lilipokaribia kutua waya zote zilikuwa ardhini. Mwalimu Apondi alizihesabu moja moja.

Jumamosi saa nne asubuhi Mzee aliirudisha koili mahali pake, ikiwa na mizunguko ileile themanini na sita, na wote wakarudi chumbani. Mwalimu alimkabidhi Ruwayda kipaza sauti, lakini yeye akampa Linah. Linah aliita mara moja. Kukawa kimya, kisha ikatoka sauti ya mtoto, safi kabisa: "Eldoret, Eldoret! Turbo tunawasikia vizuri!" Watoto walirukaruka kwa furaha. Linah alicheka, akamvuta Ruwayda kando yake ili naye azungumze.

Baada ya mazungumzo, Mzee Walubengo alimwita Ruwayda.

"Kuchoka si kosa, binti yangu. Ile ardhi ingemchosha hata mtu mzima. Ungeniambia umeshindwa, tungekuja kukusaidia siku ileile. Lakini ulipoandika uongo, ulitupeleka kutafuta ubovu mahali ambapo haukuwapo, na mwenzako akaanza kushuku akili yake mwenyewe. Mimi fundi naweza kurekebisha kitu kibovu. Siwezi kurekebisha kitu ambacho nimeambiwa ni kizima."

"Nimeelewa, Mzee," Ruwayda alisema. Safari hii alimtazama machoni.

"Vizuri. Ulikiri mbele ya wenzako wote, na najua haikuwa rahisi. Shika ukweli hivyo hivyo, hata siku utakayoona aibu kuusema."