Ngazi ya Fundi Kioo

Samaki hawakupanda. Mvua ilinyesha, mto ukajaa, maji yakawa rangi ya chai, na juu ya ukuta wa mtoni haukufika hata mkia mmoja.

Mama Moshi alisimama mbele ya tanuri lake. Alikausha samaki kwa moshi tangu kabla hajaolewa, ndipo jina likamganda. Sasa kuku alikuwa ametaga ndani ya tanuri. Mama Moshi akamwacha. Angalau mmoja wao alikuwa na kazi mle.

"Ukuta wako umenizimia moto," alimwambia mumewe.

Mumewe aliitwa Fundi Kioo kwa sababu ya lipu yake. Nzi akitua juu yake, anateleza. Miaka mitatu nyuma alijenga ukuta wa kukatiza mto, kimo cha kifua, ili maji yaingie kwenye mfereji wa mashamba. Mwaka wa kwanza samaki walijazana chini ya ukuta, watu wakawachota kwa ndoo. Mahali pale wakapaita Sahani. Mwaka wa pili Sahani ilikuwa nusu. Mwaka huu ilikuwa tupu.

"Samaki wamehama," alisema Fundi.

"Wamehamia wapi? Kwa shangazi yao?"

Kiangazi kilipoingia, alikuja afisa uvuvi, dada mmoja mwenye mabuti ya mpira. Aliwakusanya watu pale Sahani, akauliza, "Mlipokuwa mnawachota, tumbo lilikuwaje?"

"Limejaa mayai," alijibu Mama Moshi. "Ndio watamu."

"Mama yangu, hawakuja kuliwa. Hawa huishi bondeni, mvua ikinyesha hupanda kutaga kule juu kwenye changarawe. Walifika hapa wakakuta mlango umefungwa. Mkala wazazi na watoto kwa ndoo moja."

Mama Moshi alitazama mikono yake. Ndoo yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Basi tuubomoe," alisema kaka yake Mama Moshi.

"Ukuta usio na kazi hubomolewa," alisema afisa. "Wenu unamwagilia mashamba. Wajengeeni samaki ngazi. Nitarudi na mchoro."

Fundi hakungoja mchoro. "Ngazi nimejenga za shule na za zahanati," alisema. "Mchoro wa nini?"

Baada ya siku kumi na nane ngazi ilikuwa tayari. Vidato saba, lipu inang'aa, kona zimenyooka. Akaweka na kishikio.

"Shemeji," aliuliza kaka yake Mama Moshi, "samaki atashika kwa mkono upi?"

Wa kwanza kuipanda walikuwa mbuzi.

Afisa aliporudi, alijikaza asicheke. Alichuma jani, akalitupa kwenye kidato cha juu. Jani lilishuka kama limefukuzwa.

"Baba, hii ni kazi safi sana," alimwambia Fundi. "Lakini ni ya mwenye miguu. Samaki anapanda huku maji yanamsukuma. Kwenye lipu hii maji yanakimbia, naye hana pa kupumzika. Ngazi ya samaki ni madimbwi yanayopandana. Kutoka dimbwi moja hadi jingine, kimo kisizidi kiganja. Ndani weka mawe makubwa, ajifiche nyuma yake avute pumzi. Na mlango uwe hapa hapa penye Sahani, maji yatoke kwa nguvu kidogo. Samaki hufuata mkondo. Bila hivyo hauoni mlango."

Watu wote walimgeukia Fundi. Mama Moshi alisogea karibu. Alimjua mumewe. Mtu akiitia kasoro lipu yake, hasemi naye wiki nzima.

Fundi aliizunguka ngazi mara moja. Akapitisha kiganja juu yake.

"Mvua bado wiki ngapi?"

"Tano."

Akachukua nyundo kubwa, akaanza na kishikio.

Mama Moshi alikuwa amemwona mumewe akijenga nyumba nyingi. Hakuwahi kumwonea fahari kama siku ile alipokuwa akibomoa.

Madimbwi yalikuwa kumi na matatu. Kaka yake Mama Moshi na majirani walibeba mawe, utani ukapungua kwa uzito. Shida ilikuwa mkono wa Fundi. Akiweka saruji, mkono unailainisha wenyewe.

"Mkono!" Mama Moshi alikuwa akimpigia kelele.

"Umezoea, mke wangu."

"Uzoee mengine!"

Fundi akawa anachukua jiwe na kuikwaruza saruji tena. Kazi ilipokwisha, ilikuwa mbaya kuliko kitu chochote alichowahi kujenga. Watu wakakubaliana kwamba Sahani haichotwi mpaka samaki wamalize kutaga.

Mvua ikaja. Mama Moshi alikwenda mtoni na ndoo, mazoea tu. Kwenye dimbwi la tisa alimwona samaki mwenye ndevu nyuma ya jiwe, mdomo unafunguka na kufumba, tumbo limejaa. Mikono yake ilijua uzito wake kabla ya kumgusa. Samaki alijikunja, akaruka, akaingia dimbwi la kumi.

Mama Moshi akageuza ndoo, akaikalia. Mpaka jua linazama alikuwa amehesabu arobaini na mmoja.

Mwaka uliofuata samaki walipanda wakataga, wakashuka, na wengine wakashukia kwenye nyavu. Kuku alifukuzwa tanurini.

Gharama ya yote haya ni hii. Ngazi moja nzuri iliyodumu siku kumi na mbili. Siku thelathini za watu kumi na mmoja. Ukucha wa kidole gumba cha Fundi. Misimu miwili ya tanuri baridi. Na ndoo za mwaka ule wa kwanza, ambazo hakuna aliyezihesabu.