Laurence Alionja Kwanza

Jua lilikuwa linazama Uwimbabazi alipofika mtaa wa Katindo kuchukua rinda lake kwa Laurence. Alitoka kupiga picha za ndoa, kamera yake ndogo bado inaning'inia shingoni. Laurence, mwanamke mshonaji, alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa watoto kwenye vilima vya Masisi, wakichunga ng'ombe na kusengenya wakubwa. Mmoja akipiga chafya, mwingine anapangusa pua. Watu walisema hivyo. Hata mimi nilisema.

Mimba ya kwanza ya Uwimbabazi ilipotoka, ni Laurence aliyemwogesha. Ya pili ilipotoka, Laurence alilia mpaka majirani wakauliza nani amefiwa. Sasa kulikuwa na ya tatu, na safari hii Uwimbabazi alifunga mdomo. Alimwambia Rémy tu, bwana yake, tena sikioni, chini ya blanketi.

"Karibu, dada!" Laurence alikunjua rinda. "Nimekupanulia kidogo hapa kwa tumbo."

Uwimbabazi alishtuka. "Nani alikuambia upanue?"

"Macho yangu. Mi niko mushonaji, ao umesahau?"

Wakacheka. Laurence akaleta bushera, kinywaji cha mtama, kwenye kibuyu kidogo. Kwetu mwenye nyumba hakupi kinywaji bila kuonja kwanza mbele yako. Ni kukuonyesha hamna karuho, ile sumu tunayoiogopa kuliko volkano.

"Ngoja, nikupige picha," Uwimbabazi akasema.

"Acha! Mi kila picha nafunga macho."

"Ndiyo sababu nitakupiga kwa rafale. Nabonyeza, sitoe kidole, zinafuatana. Kisha tunachagua ile macho iko wazi."

"Rafale tena, kama ya bunduki! Na hapa karibu na kambi ya waaskari!"

Laurence akainua kibuyu. Uwimbabazi akabonyeza.

Ta-ta-ta-ta-ta-ta.

Laurence alionja tone moja, akampa kibuyu, akaingia nyuma ya pazia kukunja rinda. Uwimbabazi alilamba povu la juu, povu tu, huku akirudisha picha kwenye kioo cha kamera.

Picha ya mwanzo: Laurence anacheka, kibuyu mkononi.

Iliyofuata: kibuyu mdomoni.

Iliyofuata...

Mdomo ulikuwa wazi, mpana kuliko mdomo wa mtu. Uzi mweusi ulikuwa unashuka kutoka kooni mwake, unaingia ndani ya kibuyu.

Uwimbabazi alipangusa kioo kwa kitenge. Akabonyeza tena.

Magotini pa Laurence walisimama watoto wawili. Uchi. Wadogo sana kwa kusimama. Kila mmoja ameshika sketi yake, na mmoja alikuwa na masikio ya Rémy, yale yaliyosimama kama ya mbuzi.

Picha iliyofuata, walikuwa wameanza kugeuza vichwa.

Iliyofuata, walikuwa wanamtazama yeye.

Na ya mwisho? Laurence peke yake, anatabasamu. Macho wazi, mrembo. Jicho la Uwimbabazi liliona tone moja tu la kuonja. Yale mengine yalipita katikati, mahali jicho halifiki.

Nyumba ikaanza kunuka maziwa ya mama. Maziwa yaliyochacha.

"Nimetoka muzuri?" Laurence aliuliza nyuma ya pazia. Polepole.

"Macho... macho iko wazi."

"Basi kunywa, dada. Wanakungojea."

"Nani?"

Gurudumu la cherehani lilizunguka, na hapakuwa na mtu kwenye kiti.

Kibuyu kilianguka. Uwimbabazi alitoka mbio, akiacha rinda na kiatu kimoja, akikanyaga mawe meusi ya volkano mpaka nyayo zikapasuka. Alikuwa na wazo moja: afike kwa Rémy, amwonyeshe picha, Rémy ajue la kufanya ili huyu wa tatu abaki.

Umeme ulikuwa umekatika. Rémy alikaa gizani sebuleni, viatu miguuni kama mtu anayengoja habari. Uwimbabazi hakuwa amefungua mdomo.

"Ulikunywa?" Rémy akauliza.

Uwimbabazi akasimama mlangoni. Hakulia. Aliinua kamera tu, akabonyeza, akashikilia.

Ta-ta-ta-ta-ta.

Hakulala kwenye nyumba hiyo tena. Yuko Kibumba kwa mama yake, na mtoto alizaliwa mzima, msichana, Umuhoza, mashavu kama maandazi. Laurence bado anashona Katindo. Rémy ndiye anayewafungulia wateja wake mlango siku hizi, na anayetaka kuamini ni sadfa tu, aamini. Kamera iko ndani ya sanduku, betri pembeni. Zile picha za gizani Uwimbabazi hajaziangalia. Anaogopa kuona nani alisimama magotini pa Rémy.

Umuhoza sasa anatembea, anaanza kusema. Hakuna aliyemfundisha hili. Akipewa maji, anaonja kwanza, kisha anamnyooshea mama yake kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, mama."

Uwimbabazi anamtazama mtoto mdomoni. Anaona tone moja tu la kuonja. Kisha anatazama sanduku.

Hanywi.