Silinda ya Tatu

Maji ya mafuriko kwenye Ngong Road yalikuwa yamefika nusu ya magurudumu Kasyoka alipohisi gari likianza kutetemeka. Taa ya injini ikawaka tena. Mwezi huo wote wa Novemba 2006 fundi alikuwa akiizima, hata plagi akabadilisha zote, lakini mvua ikinyesha tu inarudi.

Kwenye kiti cha nyuma, mumewe Ngui alikuwa amelala akishikilia paja. Upepo ulikuwa umeng'oa paa la nyumba yao pale Dagoretti Corner, na bati likamkata. Leso aliyofungwa ilikuwa imeloa damu.

"Mbona tunasimama?"

"Injini inakosa nguvu. Finya hapo, usiachilie."

Mbele, magari yaliyozimika yalikuwa yameziba barabara. Iliyobaki ilikuwa njia ya kupanda mlima wa mtaa wa Jamhuri kuelekea hospitali ya Kilimani, na gari linalochechemea hivi halingeuweza mlima huo. Kasyoka akalisogeza polepole hadi chini ya paa la kituo cha mafuta kilichofungwa. Hakuizima injini. Akafungua boneti.

Akachomoa waya wa koili inayopeleka umeme kwenye plagi ya silinda ya kwanza: injini ikazidi kuyumba. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Alipochomoa wa tatu, mngurumo haukubadilika hata kidogo.

"Ni hii," akasema. "Hii ndiyo haifanyi kazi."

"Mama Ndunge," Ngui akamwita mkewe, sauti imepungua, "nasikia baridi."

"Ngoja nimalize hii. Niongeleshe, usilale."

Akazima, akafungua bolti, akaivuta koili. Mpira wake ulikuwa na ufa, na shimo la plagi lilikuwa na maji. Akavua kitambaa cha kichwa, akakisokota, akakizamisha mle ndani na kukikamua tena na tena mpaka shimo likakauka. Akaupangusa mpira, akauzungushia selotepu ya umeme, akarudisha kila kitu huku Ngui akitaja majina ya ndugu zake, polepole zaidi kila jina.

Alipowasha, mtetemo ulikuwa umeisha. Wakaupanda mlima bila kusita, maji yakirukia vioo, Kasyoka akimwita Ngui kila kona mpaka alipoyaona malango ya hospitali.

Daktari alipomaliza kushona, alisema mgonjwa atapona. Kasyoka akaitikia kwa kichwa, akabaki amesimama.

"Na wewe, mama, huo mkono?" nesi akauliza.

Akautazama. Ngozi ilikuwa imebabuka toka kiganjani hadi kwenye kifundo cha mkono, na hakukumbuka ni wakati gani injini ilimchoma. Ndipo alipokaa kando ya kitanda cha mumewe. Ngui, macho ameyafumba, akaupapasa ule mkono mwingine, akaushika.