Maji ya Gredi ya Sita

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, Jacklyne alibeba dumu la darasa lake hadi kwenye tangi lililokuwa nyuma ya jiko la shule. Alilijaza, akatia dawa ya maji kwa kipimo alichofundishwa, kisha akaweka alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwalimu Kiema alimpa kazi hiyo wiki ile kipindupindu kilipoingia mtaani Ziwani. Wanafunzi sitini na wawili wa Gredi ya Sita walikunywa maji ya dumu hilo.

Jumanne moja alichelewa kuamka. Alipofika shuleni, foleni ya tangini ilikuwa ndefu ajabu. Kando ya ua, bomba lililopasuka lilikuwa likibubujika maji safi machoni. Jacklyne alitazama huku na huku, akalijaza dumu pale pale. Hata dawa hakutia. "Ni leo tu," alijiambia, akaweka alama yake kama kawaida.

"Afadhali umefika, Jacky. Koo limenikauka," alisema Lela, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja. Akanywa vikombe viwili mfululizo.

Alhamisi Lela hakuja. Saa nne, mwanafunzi mwenzao Okinyi alitapika mlangoni mwa darasa akaanguka. Kufikia Ijumaa jioni, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamelazwa, na shule ikafungwa.

Siku zikawa nzito. Mama yake, Benta, alitoka alfajiri kwenda kazini, akimwacha Jacklyne chumbani na vitabu bila mtu wa kumweleza. Kila hesabu aliyoianza ilimshinda katikati. Mtoto alipolia nje, alimwona Lela mawazoni.

Jumatatu alikutana na Junaid, kaka yake Lela.

"Lela anaendeleaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hata kuongea hawezi. Macho yameingia ndani," Junaid alijibu. "Ni yule mama wa viazi pale getini. Ndiye aliyewalisha uchafu. Watu wamemwaga viazi vyake vyote."

Jacklyne alimjua mama huyo. Mama Kavutha ndiye aliyeuza viazi karai, vile vya kukaangwa kwa unga, langoni tangu yeye akiwa chekechea, na Lela hakuwa amevionja wiki ile.

Jioni hakugusa ugali. "Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "si viazi. Ni mimi." Akaeleza yote.

Benta aliinuka. Jacklyne alidhani atapigwa. "Vaa viatu," mama alisema. "Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu Kiema alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akampigia simu afisa wa afya, Bwana Gichuru. Kesho yake asubuhi Jacklyne aliwaonyesha lile bomba. Bwana Gichuru alichukua maji kwenye chupa, akaenda kuyapima. Majibu yalionyesha kwamba maji taka yalikuwa yakiingia kwenye ule mpasuko. Wapangaji wa nyumba za jirani nao walikuwa wakiyateka. Bomba lilifungwa siku hiyo hiyo, likatengenezwa. Bwana Gichuru mwenyewe alizunguka mtaani akitangaza kwamba Mama Kavutha hana kosa. Hata hivyo, mama huyo hakurudi getini. Alisema moyo wake umechoka.

Shule ilifunguliwa baada ya majuma matatu. Wagonjwa wote walipona, lakini Lela alikawia nyumbani majuma mawili zaidi, na mtihani wa muhula ukampita. Siku aliyorudi, sare ilimpwaya kama ya kuazima.

"Nisamehe, Lela," Jacklyne alimwambia.

"Karibu nife, Jacky." Lela alichukua mkoba wake akahamia dawati la mbele, karibu na mwanafunzi mwingine, Celine.

Saa ya mapumziko, Mwalimu Kiema alimkuta Jacklyne peke yake darasani. Alikuwa akinakili masomo yote ya majuma mawili kwenye daftari jipya.

"Ni la Lela, Mwalimu. Lakini hataki kuniona."

Mwalimu aliketi kando yake. "Bomba hukulipasua wewe, Jacklyne. Ila ile alama yako ilituambia maji ni salama, nasi tukakuamini. Wakati wa ugonjwa, afya ya darasa zima huwa mikononi mwa yule tunayemwamini. Uliposema kweli, watu wengi walinusurika. Ungeisema Jumanne ile ile, huenda Lela angetibiwa mapema asilazwe. Usiusahau wakati uliopotea hapo katikati."

"Sitausahau, Mwalimu."

"Basi maliza kuandika. Na kama hatakusamehe leo, mpe nafasi."

Kengele ilipolia, Jacklyne alikwenda dawati la mbele. Lela alilipokea daftari bila kutabasamu, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.